Mwenye uweza na uweza wake: kwa nini Shiva na Parvati si wawili

Kutoka gati la Gateway of India mjini Mumbai, mashua huchukua kama saa moja kufika Gharapuri, kisiwa kidogo ambacho Wareno walikiita Elephanta kwa sababu ya sanamu ya tembo wa mawe waliyoikuta pale. Juu ya kilima kuna pango lililochongwa ndani ya mwamba katikati ya karne ya 6. Ukiingia, macho yanavutwa kwanza na sanamu ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, yenye nyuso tatu, karibu mita 6 kwenda juu. Wageni hupiga picha hapo wakageuka. Lakini kushoto kwake, ukutani, amesimama mwingine, na huyo ndiye ninayemwandikia makala haya.

Upande wake wa kulia ni mwanamume: kifua bapa, mkono mmoja umeegemea fahali wake Nandi, mwingine umeshika nyoka. Upande wa kushoto ni mwanamke: titi limejaa, nyonga imetokeza, mkono umeinua kioo. Mikono ni minne, lakini kichwa ni kimoja na kitovu ni kimoja. Mchongaji hakupiga mstari katikati. Tafuta mahali mume anapokoma na mke anapoanzia, jiwe halikuonyeshi. Jina la umbo hili ni Ardhanarishvara: *ardha* ni nusu, *nari* ni mwanamke, *ishvara* ni Bwana. Bwana ambaye nusu yake ni mwanamke.

Anayelitazama kwa mara ya kwanza huona miungu wawili waliounganishwa, Shiva na mkewe Parvati, kila mmoja katoa nusu yake. Hapo ndipo fundo linapofungwa. Ukianza na wawili, dini nzima ya Kihindu itakuonekea kama ukoo mrefu wa miungu waliooana, na utahesabu ndoa hadi uchoke: Vishnu na Lakshmi, Rama na Sita, Krishna na Radha. Wahindu walioumiza vichwa juu ya jambo hili kwa karne nyingi, au tuseme wengi wao, wanaanzia upande mwingine. Hakuna nusu mbili zilizokutana. Yuko mmoja, ila huyo mmoja hasemeki kikamilifu mpaka atajwe mara mbili.

Neno moja la matumizi kabla hatujaendelea. Mhindi ni mtu wa asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo, Singasinga au mwingine. Mhindu ni mfuasi wa dini. Mitaani kwetu tunavichanganya, na wazee wa pwani walisema Baniani, jina ambalo asili yake ni la wafanyabiashara wa Gujarat na si la imani.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana Wahindu wenyewe waliuliza swali hilo mapema sana. Katika Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi (maandiko ya kale ya hekima ya Kihindu) kongwe kuliko zote, iliyotungwa karne kadhaa kabla ya Kristo, mtu aitwaye Shakalya anamhoji mwenye hekima Yajnavalkya: miungu ni wangapi? Anajibiwa: mia tatu na watatu, na elfu tatu na watatu. Sawa, anasema Shakalya, lakini hasa ni wangapi? Thelathini na watatu. Hasa? Sita. Hasa? Watatu. Kisha wawili. Kisha, kwa mshangao wa msomaji, mmoja na nusu. Kisha mmoja. Jibu la mwisho halikanushi majibu ya kwanza. Yajnavalkya hasemi alikosea aliposema elfu tatu. Aliyezoea hesabu ambamo mmoja huwafuta wengi ataona ugumu hapa, na ni vizuri auone, kwa sababu kila kitu kinachofuata kimesimama juu yake.

Kitabu hichohicho kina simulizi ya mwanzo. Kulikuwa na Nafsi peke yake. Ikaogopa, kisha ikajiuliza: naogopa nini ilhali hakuna mwingine? Hofu ikaisha, lakini furaha haikuja, na maandiko yanaongeza kwa upole kwamba ndiyo maana hadi leo mtu akiwa peke yake hana furaha. Nafsi hiyo ilikuwa na ukubwa wa mwanamume na mwanamke waliokumbatiana. Ikajipasua vipande viwili, wakapatikana mume na mke. Yajnavalkya alikuwa akisema kila mmoja wetu ni kama kipande cha kitu kilichopasuliwa; wafasiri wengine husema kama nusu ya punje ya dengu. Angalia mpangilio wa simulizi: kukumbatiana kumetangulia kupasuka.

Kufikia hapa Kiswahili kinatupa msaada, na papo hapo kinatuficha kitu. Mtu akisema “ameniumba,” lugha yetu haimlazimishi kuchagua kama Muumba ni wa kiume au wa kike. Kile kiambishi *a-* kinawabeba wote. Kisanskriti hakina nafasi hiyo. Kila nomino lazima iwe ya kiume, ya kike, au isiyo na jinsia. Waliotaka kumtaja yule aliye juu ya yote bila kumfunga walichagua jinsia ya tatu: *Brahman*, uhalisia wa mwisho, si wa kiume wala wa kike. Kinahau, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini nani anaweza kumlilia usiku asiye baba wala mama? Moyo unaoabudu unataka uso. Basi Upanishadi nyingine, Shvetashvatara, ikafanya kinyume: badala ya kumvua jinsia zote ikamvika zote. Wewe ni mwanamke, inamwambia, wewe ni mwanamume, wewe ni kijana na wewe ni msichana, wewe ni mzee anayejikongoja na fimbo yake.

Kisanskriti kina kitu kingine tusichokuwa nacho. Kati ya umoja na wingi kina idadi ya uwili. Aliyesoma nahau ya Kiarabu anaijua kwa jina la muthanna. Mshairi Kalidasa, anayekadiriwa kuishi karne ya 4 au ya 5, alifungua utenzi wake wa Raghuvamsha kwa kuwasujudia *pitarau*, wazazi wa ulimwengu. Neno hilo kwa umbo ni “baba” likiwa katika uwili, baba-wawili, na maana yake ni baba na mama, kama vile Kiarabu kinavyosema *abawani*. Na hawa wazazi, anasema, Parvati na Bwana Mkuu, yaani Shiva, wameshikamana kama neno na maana yake.

Mfano huo nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko mwingine wowote. Chukua neno “maji.” Lina sauti, nalo lina kile unachokifikiria ukilisikia. Jaribu kuyatenga. Sauti bila maana ni kelele tu ya midomo. Maana bila sauti imekwama kifuani mwangu, haiwezi kuvuka kuja kwako. Ni viwili, ndiyo, kwa sababu naweza kuvizungumzia kimoja baada ya kingine. Lakini hakuna siku ambayo vilikutana njiani vikafunga ndoa. Neno lisilo na maana halijawahi kuwa neno hata kwa dakika moja.

Tukiisha kulishika hilo, neno *shakti* linafunguka lenyewe. Limetoka katika kitenzi *shak*, kuweza. Kwa Kiswahili chepesi ni uweza. Kila mungu wa kike katika dini ya Kihindu ni Shakti: ule uweza wa kuumba, kulea, kufisha, kujua, kupenda. Na mungu wa kiume huitwa *shaktiman*, mwenye uweza. Sisi nasi tunasema Mwenyezi, yaani mwenye enzi, wala hatusimami kujiuliza kama mwenye na enzi ni viwili. Wanafalsafa wa Kihindu walisimama hapohapo. Moto una uweza wa kuunguza. Je, uweza huo ni kitu cha pili kilichowekwa ndani ya moto? Ukiutoa, kinachobaki ni moto? Jibu lililokubaliwa na madhehebu mengi ni kwamba mwenye uweza na uweza wake hawatengani. Ukiwatenga kwa ulimi, bado hujawatenga kweli.

Andiko moja la Kashmir, Vijnana Bhairava, ambalo limetungwa kama mazungumzo kati ya Shiva na mungu wa kike, linatumia mfano huo wa moto, kisha linakwenda mbele. Linasema Shakti ndiye mlango wa Shiva. Kama vile mwanga wa taa au miale ya jua ndiyo inayotujulisha upande huu ni upi na ule ni upi, vivyo hivyo Shiva anajulikana kwa Shakti. Humjui kwanza yeye ndipo ukaambiwa ana mke. Kila ulichowahi kukijua juu yake ulikijua kwa njia ya mama.

Waandishi wa hati ya Kidevanagari wana namna yao ya kulisema hili, na ni nzuri mno kuiacha. Jina Shiva huandikwa kwa konsonanti mbili na alama ndogo ya irabu *i*. Iondoe alama hiyo na neno linasomeka *shava*, maiti. Husemwa kwamba ile *i* ndiyo Shakti. Utenzi wa Saundarya Lahari, ambao mapokeo yanaunasibisha na mwanafalsafa Shankara, unafunguka kwa wazo hilohilo: Shiva akiwa ameungana na Shakti anaweza kuumba; asipokuwa naye hawezi hata kutikisika. Picha mashuhuri za Bengal za mungu wa kike Kali akiwa amesimama juu ya Shiva aliyelala chali, mweupe kama majivu, zina tafsiri nyingi. Mojawapo ni hii.

Anayepita mtaa wa Hurumzi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar atakuta hekalu la Kihindu liitwalo Shiv Shakti. Jina hilohilo serikali ya India ililitoa Agosti 2023 kwa mahali ambapo chombo cha Chandrayaan-3 kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Linasikika kama majina mawili yaliyowekwa pamoja, kama duka la ndugu wawili. Kwa mwamini ni pumzi moja.

Abhinavagupta, aliyeishi Kashmir mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11, na watangulizi wake waliusukuma ufafanuzi huu mbali kuliko wote niwajuao. Walimwita Shiva *prakasha*, nuru, yaani ile fahamu ambayo ndani yake kila kitu huonekana. Shakti wakamwita *vimarsha*: ile hali ya nuru kujitambua kuwa ni nuru. Kwa nini walihitaji neno la pili? Kwa sababu jiwe la bilauri nalo hupokea nuru, huonyesha rangi ya ua lililowekwa karibu, na halijui lolote. Nuru isiyojitambua ingekuwa bilauri. Kwa hiyo mungu wa kike katika mfumo huu ndiye anayemfanya Mungu awe hai kwa nafsi yake, awe na “mimi.” Ondoa hilo na umebaki na kioo kikubwa mno kisicho na mtu.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu maelezo mengi yanayosambaa huvuruga: si kila mkondo wa fikra za Kihindu unakubali umoja huu. Mkondo wa kale wa Sankhya unasema kuna vitu viwili vya milele, *purusha*, yaani nafsi inayotazama tu, na *prakriti*, maumbile yanayotenda yote. La kwanza neno la kiume, la pili la kike, na wengi wakiona hivyo hudhani huyu ni Ardhanarishvara kwa jina jingine. Siye. Mfano wa Sankhya ni kiwete na kipofu waliokutana msituni: kiwete ana macho, kipofu ana miguu, mmoja akambeba mwenzake wakatoka. Wakishafika, kila mtu anashika njia yake. Ukombozi kwa Sankhya ni kuachana. Kwa Kalidasa na watu wa Kashmir kuachana hakuna, kwa sababu hakukuwa na kukutana. Anayechanganya hayo mawili amepoteza ufunguo.

Na wapo waliotaka Mungu mwenye nusu moja tu. Kisa chao kinasimuliwa kusini mwa India. Mwenye kujinyima mmoja, Bhringi, alimwabudu Shiva na hakumtaka mwingine. Ada ya Kihindu ni kumzunguka mungu kwa heshima, mkono wa kulia ukiwa upande wake. Bhringi akawa anamzunguka Shiva na kumpita Parvati kama hayupo. Parvati akasogea karibu na mumewe. Bhringi akapenya katikati. Mwishowe wakawa mwili mmoja, asipatikane pa kupita. Bhringi akajigeuza mdudu akaanza kutoboa ili azunguke ile nusu ya kulia peke yake.

Parvati akamjibu kwa namna ambayo mtu aliyezoea elimu ya mwili ya India ya kale angeielewa mara moja. Kwa elimu hiyo mtoto hupata mifupa kwa baba, na nyama na damu kwa mama. Kama humtaki mama, basi rudisha vya mama. Papo hapo Bhringi akabaki mifupa mitupu, asiweze kusimama. Shiva akamhurumia akampa mguu wa tatu wa kujiegemeza. Ndivyo anavyochongwa kwenye mahekalu hadi leo: kiunzi chenye miguu mitatu, pembeni, akicheza. Hekalu la Tiruchengode katika jimbo la Tamil Nadu, lililo juu ya kilima na ambalo mungu wake mkuu ni huyu wa nusu kwa nusu, linakitunza kisa hiki kama chake. Nakipenda kwa sababu hakibishani na Bhringi kwa hoja. Kinamwonyesha tu kwamba mwili aliokuwa akiutumia kumkana mama ulikuwa wa mama.

Kwa wafuasi wa Vishnu habari ilichukua sura nyingine. Hapa Lakshmi hachukui nusu ya mwili. Anakaa kifuani mwa mumewe na haondoki hapo. Mahujaji wa Tirumala, mojawapo ya mahekalu yanayopokea watu wengi zaidi duniani, humwona Vishnu akiwa naye kifuani. Andiko la Vishnu Purana linautaja uhusiano wao kwa mlolongo mrefu: Vishnu ni maana, Lakshmi ni usemi, Vishnu ni jua, Lakshmi ni mwanga wake. Lakini swali gumu likabaki. Je, Lakshmi ni Mungu sawasawa na Vishnu, au ni kiumbe aliye juu ya viumbe vyote? Wafuasi wa mwanafalsafa Ramanuja wa nchi ya Watamil waligawanyika juu ya hili na mambo mengine. Vedanta Desika, aliyezaliwa mwaka 1268, alifundisha kwamba wawili hao kwa pamoja ndio njia na ndio mwisho wa safari. Pillai Lokacharya wa upande wa pili akasema Lakshmi ni mpatanishi: anamwombea mwenye dhambi kwa mumewe, lakini kwa asili yake ni nafsi kama nafsi nyingine, ingawa hakuna iliyo juu yake. Vadakalai na Tenkalai, watu wa shule ya kaskazini na watu wa shule ya kusini, wanatambulikana hadi leo kwa alama za paji la uso. Naliandika hili ili msomaji asidhani umoja wa mungu wa kiume na wa kike ni wimbo ambao Wahindu wote huuimba kwa sauti moja. Ni mjadala, na watu waliujadili kama jambo la kufa na kupona, maana kwao lilikuwa jambo la nani atakusikia ukilia.

Bengal, kwa upande wake, ilileta mapenzi. Chaitanya, aliyezaliwa Navadvip mwaka 1486 na kufariki Puri mwaka 1534, aliimba majina ya Krishna hadi akaanguka. Wanafunzi wake walijiuliza: Radha ni nani kwa Krishna? Wakajibu kwamba ni nafsi moja, kama miski na harufu yake, kama moto na muwako wake. Basi kwa nini kuwa wawili? Kwa sababu upendo unahitaji wa kupenda na wa kupendwa. Mmoja alijigawa ili aonje utamu ambao mtu hawezi kuuonja peke yake. Umeisikia tena ile Nafsi ya Upanishadi iliyokosa furaha. Kisha wakasema jambo la kushangaza zaidi: Chaitanya mwenyewe ni hao wawili wamerudi kuwa mmoja, Krishna aliyevaa moyo wa Radha na rangi yake ya dhahabu, ili ajue inakuwaje kumpenda Krishna. Fundisho lao waliliita tofauti na umoja visivyofikirika, wakiungama katika jina lenyewe kwamba akili itaishia njiani.

Wale waumini wa Hare Krishna, ambao wana hekalu Nairobi na miji mingine mingi, ni tawi la mti huo. *Hare*, kwa maelezo yao, ni wito wa kumwita Radha, uweza wa Bwana. Kwa hiyo kila wanaposema Hare Krishna wanamwita mama kwanza, halafu baba. Na hili si lao peke yao. Sikiliza majina ya mahekalu ya Wahindu popote: Radha-Krishna, Sita-Ram, Lakshmi-Narayan, Gauri-Shankar. Mke ametangulia.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mungu wa kike ni uweza *wa* mtu fulani. Wafuasi wa Shakti hawakubali hiyo *wa*. Kwao yeye ndiye yote, na wa kiume wamo ndani yake. Devi Mahatmya, andiko la beti 700 ambalo husomwa usiku tisa wa sikukuu ya Navaratri, linaeleza vita vyake na majitu. Katika sura ya kumi jitu Shumbha, ambaye ndugu yake ameuawa, anamkejeli: usijivune, unapigana kwa nguvu za wengine. Na kweli, uwanja umejaa miungu wa kike waliotoka kwa kila mungu wa kiume. Mungu wa kike anamjibu kwamba yuko peke yake ulimwenguni. Wa pili ni nani? Hawa ni nguvu zangu, tazama wakiingia kwangu. Wote wanaingia mwilini mwake, na anabaki mmoja uwanjani. Yajnavalkya alikuwa anashuka ngazi ya hesabu kwa maneno, elfu tatu hadi mmoja. Hapa ngazi hiyohiyo inashukwa katikati ya vumbi la vita, na yule mmoja wa mwisho ni mwanamke.

Wagujarati wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa huucheza usiku huo tisa kwa ngoma ya garba, wakizunguka katikati. Zamani, na kwa wengine bado, katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu na taa ndani yake. Garba imetoka kwenye neno la Kisanskriti la tumbo la uzazi.

Lipo swali ambalo msomaji mwanamke atakuwa analo tangu mwanzo, na ni haki aulize. Kama mungu ni nusu mwanamke, mbona maisha ya wanawake wa India hayakuwa nusu kwa nusu? Umbo lenyewe lina dalili ya jibu. Jina Ardhanarishvara linaishia kwa Bwana. Ni Bwana mwenye nusu ya kike, siyo Bibi mwenye nusu ya kiume. Na mwanamke kawekwa kushoto, upande ambao India, kama pwani yetu, huuhesabu mdogo. Maandiko yanaweza kumweka mama kwenye kiti cha enzi na nyumba ikamweka binti jikoni bila mtu kuona ukinzani. Sikubaliani na wanaotumia sanamu ya Elephanta kama ushahidi kwamba jamii iliyoichonga iliwatendea wanawake haki. Jiwe linatuambia waliweza kuifikiri haki hiyo mahali patakatifu kabisa. Kwamba hawakuifikisha uani ni mashtaka, na walioyasimamia kwa nguvu zaidi mara nyingi wamekuwa Wahindu wenyewe. Watu wa India wasiojiona katika mwanamume wala mwanamke nao wamelitazama umbo hili na kujiona. Mahakama ya Juu ya India ilitambua jinsia ya tatu kisheria Aprili 2014.

Kisa cha mwisho ni cha Dakshineswar, kando ya mto Ganga, kaskazini mwa Kolkata, katika hekalu la Kali lililofunguliwa mwaka 1855. Kuhani wake alikuwa Ramakrishna, mtu aliyemwita Kali mama na kuzungumza naye kama mtoto. Katikati ya miaka ya 1860 akapita pale mtawa mmoja aliye uchi, Tota Puri, mfuasi wa mkondo unaosema Brahman pekee ndiye kweli na kila chenye umbo ni njozi. Alimfundisha Ramakrishna kutulia katika yule asiye na umbo. Lakini alipomwona jioni akipiga makofi na kuimba majina ya Mungu alimcheka: mbona unapiga chapati?

Tota hakuwa na desturi ya kukaa mahali zaidi ya siku tatu. Dakshineswar alikaa miezi kumi na mmoja. Inasimuliwa kwamba tumbo la kuhara damu lilimshika, maumivu yakamzuia hata kutulia kwa kutafakari, na usiku mmoja akaamua kuuacha mwili ambao kwake ulikuwa njozi tu. Akaingia mtoni. Akatembea, akatembea, maji yakawa hayafiki kina cha kuzamisha mtu, mpaka akaona miti ya ng'ambo ya pili. Hapo akatambua kwamba hata kufa hakuwezi bila idhini ya Kali, yule aliyemwita njozi. Maji ni yeye, maumivu ni yeye, na ule utulivu usio na umbo nao ni yeye.

Ramakrishna alikuwa akisema kwamba huwezi kumfikiria Brahman bila Kali, kama usivyoweza kufikiria maziwa bila weupe wake, au moto bila kuunguza. Nyoka aliyejikunja na nyoka anayetambaa ni nyoka yuleyule. Tota alikuwa ameyasikia hayo miezi yote ile. Asubuhi baada ya mto alimsimulia mwanafunzi wake yaliyompata, wakaenda pamoja hadi hekaluni, na yule mtawa akainama mbele ya Kali.